Zamu ni ya Nani? Sharhe ya Pigo la Kuvizia

Sheria za mchezo ni maandishi, na kama maandishi mengine zataka sharhe. Katika kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons kilichotolewa mwaka 2014 mna fungu fupi lihusulo pigo la kuvizia, yaani ule ustadi wa ayari wa kuzidisha madhara ya silaha yake. Ayari akimpiga adui hali ana nafasi bora ya shabaha, au mwenzake amesimama karibu na adui huyo, hutupa dadu za ziada: moja ya pande sita katika daraja la kwanza, hata kufikia kumi katika daraja la 19. Nyongeza hiyo hupatikana mara moja kwa zamu. Ugomvi wote watoka katika neno hilo la mwisho.

Yapasa kwanza kupambanua zamu na duru. Duru ni sekunde sita za vita, ambamo kila apiganaye hupata zamu yake. Wako wasomao kwamba ayari ana nyongeza moja tu kwa duru nzima, kwa kuwa zamu, kwao, ni zamu ya ayari mwenyewe. Wengine wasema kwamba adui akijaribu kumtoroka katika zamu ya adui huyo, na ayari akampiga kwa mwitikio, hiyo ni zamu nyingine, na nyongeza yapatikana tena.

Usomaji wa pili ndio ulio sawa, na ushahidi umo mumo humo kitabuni. Waandishi walipotaka kulifunga tendo katika zamu ya mtendaji, walijua kusema hivyo: pigo takatifu la kasisi limefungwa waziwazi katika zamu za kasisi mwenyewe. Kwa ayari neno la kumilikisha halimo. Mwenye kulitia amekwisha kuacha kusoma, sasa anatunga.

Kwa Mswahili kosa hili lina kishawishi chake. Neno zamu halipendi kukaa peke yake, hudai mwenyewe. Husemwa zamu yangu, zamu yako, zamu ya fulani. Na katika bao hapana agusaye kete wakati mpinzani anacheza. Basi mfasiri aandikapo "mara moja kwa zamu", sikio huongeza "yake" bila kuulizwa. Iliyo salama ni "mara moja katika kila zamu, iwe yake au ya mwingine", ingawa ni nzito mdomoni.

Historia nayo yashuhudia. Mwizi wa mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, alipiga kwa nyuma na madhara yakazidishwa mara mbili au zaidi. Toleo la 2008 lilipotoka liliifunga nyongeza kwa duru. Lile la 2014 likaandika zamu. Mwaka 2022 wachapishaji walitoa rasimu ya majaribio iliyoifunga katika zamu ya ayari mwenyewe, kisha kitabu cha 2024 kikairudia kauli ya 2014. Lau kauli hiyo ingalikuwa na maana finyu tangu mwanzo, rasimu isingalihitaji kuibadili.

Wapingao huogopa kwamba ayari atazidi nguvu. Katika daraja la 5 dadu zake za ziada ni tatu, na wastani wake ni 10.5, kuzipata mara mbili si jambo dogo. Lakini mwitikio ni mmoja tu kwa duru, na katika daraja hilo hilo ayari amepewa uwezo wa kuutumia kupunguza kwa nusu madhara ya pigo limjialo. Akiutumia kupiga, hana cha kujikingia. Bei hiyo husahauliwa mno mezani. Msimamizi wa mchezo aweza, kwa mamlaka yake, kuikata nyongeza ya pili. Asidai tu kwamba ameisoma kitabuni.

Wako pia washikao jina, wakisema asiyejificha havizii. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote. Sheria haikutaka kujificha: yatosha mwenzake ayari awe ndani ya futi 5 za adui, naye ayari asiwe na kipingamizi cha shabaha, hata kama yu mchana kweupe, mbele ya macho ya adui, na upinde mfupi mkononi, futi 80 mbali.