Mguu wa Kushoto wa Julius Yego

Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia. Kabla yake, hakuna Mkenya aliyewahi kushinda dhahabu ya mashindano hayo nje ya mbio. Video ya mtupo huo nimeitazama mara nyingi sana, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitazama mahali pasipofaa. Nilikuwa nikiufuata mkuki.

Mkuki ukishaondoka mkononi, mrushaji hana la kuuongezea. Yote yamekwisha kuamuliwa: umetoka kwa kasi gani, kwa pembe gani, ncha yake imeelekea wapi. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu hufika mbali zaidi kikirushwa kwa nyuzi 45. Ni kweli, mradi kianzie usawa wa ardhi na kusiwe na hewa. Mkuki huachiliwa juu ya bega, na hewa huuzuia na kuubeba kwa wakati mmoja. Isitoshe, mwili wa binadamu husukuma mbele kwa nguvu zaidi kuliko unavyosukuma juu. Ndiyo maana warushaji hodari huuachilia kwa nyuzi thelathini na kitu tu.

Ila pembe si kitu mbele ya kasi. Umbali hufuata mraba wa kasi: kasi ikiongezeka kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa takriban asilimia 21. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800, na ili ufike mita 90 lazima utoke kwa karibu mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Usain Bolt katika ubora wake alifikia takriban kilomita 44. Basi hizo nyingine zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye breki. Aliyewahi kusimama ndani ya matatu dereva akafunga breki ghafla anajua: miguu hubaki, kifua huenda. Yego anakuja mbio, anageuka ubavu, anapishanisha miguu, kisha kisigino cha kushoto kinakita chini na goti linakataa kukunjika. Nyonga zinasimama. Kasi yao inapanda kiunoni, kutoka kiunoni hadi begani, begani hadi kwenye kiwiko, na kila kiungo kinaposimama kinamwachia kasi mwenzake aliye mwepesi zaidi, kama inavyosafiri kwenye mjeledi hadi nchani. Muda huo wote mkono wenye mkuki bado uko nyuma, umenyooka, unangoja. Kungoja huko ndiko ninakokuhusudu kuliko yote. Mwenye pupa huvuta mkono mapema, na mkuki wake humfia karibu.

Haya Yego hakufundishwa na kocha wa mkuki pale alipoanza, kwa kuwa hakuwa naye. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama video za Andreas Thorkildsen wa Norway na Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, ambaye rekodi yake ya mita 98.48 imesimama tangu 1996. Baadaye alipata kocha Finland, lakini msingi alikuwa amekwisha kuuona mwenyewe. Kuona breki ndani ya mwili wa mtu anayekimbia, tena kwenye kioo kidogo, si jambo la kila jicho.

Katika mtupo ule wa Beijing alijitoa mzima mzima hata akaanguka kifudifudi, mikono ikitangulia, kabla ya mstari. Mwili uliokuwa ukikimbia ulikuwa umemaliza kutoa ulichonacho.

Itafute video hiyo. Safari hii uache mkuki uende zake, utazame goti la kushoto.