Riwaya ya Haini na Usomaji wa Hadhara katika Pwani ya Kusini

Kusoma riwaya kwa sauti mbele ya hadhara si jambo geni nchini Kenya. Caitaani Mũtharaba-inĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipotoka mwaka 1980, ilisomwa majumbani, kazini na hata katika vilabu vya pombe, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Linalopasa kuulizwa ni hili: je, riwaya ya kihistoria inayohusu udhalimu wa dola, kama Haini ya Shafi Adam Shafi (Longhorn, Nairobi, 2003), ingewapa nini wasikilizaji wa Kinondo?

Haini inatokana na matukio yaliyofuata kuuawa kwa Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Hata hivyo, thamani ya riwaya haimo katika ushahidi huo peke yake, bali imo pia katika anwani yake. "Haini" ni jina ambalo dola humbandika mtu kabla ya hukumu. Neno hilo lina nasaba moja na kitenzi "khini", na kadiri kisa kinavyoendelea ndivyo msomaji anavyolazimika kujiuliza ni nani hasa aliyeikhini nchi.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kwale. Baada ya kituo cha polisi cha Likoni kuvamiwa tarehe 13 Agosti 1997, misako ilienea hadi vijiji vya kusini, vijana wengi wa Kidigo walikamatwa, na watetezi wa haki za binadamu waliandika habari za mateso. Huko nako jina la uhalifu lilitangulia ushahidi.

Hapo ndipo penye hatari. Sherehe ya kitabu hupenda shujaa asiyetetereka, na Haini haikuandikwa kwa ajili ya shujaa wa namna hiyo. Wafungwa wake huogopa, na kipigo huweza kumfanya mtu akiri asilolitenda. Msomaji wa hadharani atakayeziruka kurasa hizo ili apigiwe makofi atakuwa ameigeuza riwaya kuwa utenzi wa sifa. Anayezisoma polepole, kwa upande wake, huwapa wasikilizaji haki ambayo dola iliwanyima wafungwa: kusikilizwa kabla ya kuitwa mahaini.