Uzi Unaohitaji Ukuta

Gemu zinazotokana na filamu zina sifa mbaya, na hazijaonewa. Mwaka 1982 Atari ilimpa Howard Scott Warshaw wiki tano tu atengeneze gemu ya E.T., iwahi kuuzwa kabla ya Krismasi. Aliwahi. Kaseti zikadoda, nyingine zikaishia kufukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico, hadi zilipofukuliwa mwaka 2014. Ugonjwa wenyewe haujabadilika tangu hapo: filamu ina tarehe yake ya kutoka, na gemu lazima ifike tarehe hiyo, iwe imeiva au bado mbichi.

Spider-Man 2 ya Treyarch, iliyouzwa na Activision, ilitoka mwishoni mwa Juni 2004, wiki ile ile ya filamu ya Sam Raimi. Kwa kanuni hiyo ilitakiwa isahaulike kabla mwaka haujaisha. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi zilizofanywa kwa akili zaidi katika zama zote za PlayStation 2, na ushahidi wangu siuchukui kwa wahakiki wa Marekani. Nauchukua kwenye vibanda vya gemu vya barabara ya Bagamoyo.

Ukitoka Dar ukazipita Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, kibanda cha gemu hakikupi shida kukitambua. Ni fremu yenye pazia mlangoni la kuzuia jua, TV za chogo mbili tatu, benchi, na PS2 zilizofunguliwa na kufungwa hadi skrubu zikapungua. Sony iliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, ila huku bado ziko kazini. Mteja hapa hanunui gemu, ananunua dakika. Anatoa sarafu ya mia mbili, mwenye kibanda anaangalia saa kwenye simu yake, na nyuma wamejaa wanaosubiri mpira. Memori kadi haipo, au ipo imejaa, au iliondoka na mtu. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, kila kitu kinaanza upya.

Hapo ndipo gemu za hadithi ndefu zinapofia. Gemu iliyopangwa ikuonyeshe utamu wake baada ya kucheza siku tatu haina maisha kibandani, kwa sababu siku ya tatu ni siku ya kwanza tena. Mpira unadumu kwa kuwa mechi inaanza na inaisha. Spider-Man 2 inadumu kwa sababu ya uzi.

Katika gemu ya Spider-Man ya 2002, uzi ulikuwa unanasa hewani. Unabonyeza, uzi unapaa hadi nje ya kioo, unashika usichokiona, na jamaa anakwenda. Mmoja wa waliokuwa Treyarch, Jamie Fristrom, hakuridhika na ubembeaji huo. Akajaribu njia nyingine: uzi unase kwenye jengo lililopo kweli, kisha urefu wa uzi na uzito wa mwili viamue yaliyobaki. Ukinasa juu na mbali, unabembea kwa upana na utulivu. Ukinasa karibu, uzi ni mfupi, unazungushwa haraka na pengine unabamizwa ukutani. Ukiachia ukiwa chini kabisa, kasi yote inakupeleka mbele. Ukichelewa kidogo, inakurusha juu. Ukichelewa zaidi, unarudi ulikotoka.

Mtazame aliyeizoea. Macho yake hayako kwa Spider-Man, yako kwenye kona ya jengo linalofuata. Kidole cha shahada kimelala juu ya R2, dole gumba liko kwenye X, na kabla uzi haujamaliza safari yake ameshaachia, yuko juu ya barabara hana alichoshika, kisha ananasa tena. Asiyeizoea anajikuta chini katikati ya teksi za njano, na benchi zima linacheka. Kucheka kwao kuna maana: kila mtu ameona kosa lilipofanyika. Gemu haikumwonea.

Mtoto wa pwani hii haelezwi sana. Anayeshika kamba ya tanga kwenye ngalawa anajua kwamba nguvu si yake, ni ya upepo. Yake ni kujua lini akaze na lini alegeze. Fristrom na wenzake waliitia akili ya namna hiyo kwenye vidole viwili, halafu wakawa na ujasiri wa kuiacha sheria yao iume. Nenda Central Park uone. Majengo yanaisha, imebaki miti, na bingwa aliyekuwa anapaa juu ya magorofa sasa anahangaika kati ya tawi na tawi, au anatembea kwa miguu kama sisi. Mbunifu mwoga angeurudisha uzi wa kunasa hewani pale tu, mchezaji asinune. Hawakuurudisha, na ndiyo maana ukiuona ukuta wa kwanza upande wa pili wa bustani unaupenda.

Kiingereza cha gemu hii nacho hakimzuii mtu. Filamu za nje tulizizoea zikiwa na mtafsiri juu yake, na Lufufu alijijengea jina kwa kazi hiyo. Gemu haina Lufufu. Tobey Maguire na Alfred Molina wameingiza sauti zao wenyewe, Bruce Campbell anatoa maelekezo huku akimkebehi mchezaji, na kibandani hakuna anayewasikia kwa kelele za mpira wa TV ya jirani. Lakini mtoto akilia kwamba puto lake limepaa, kila mtu anajua la kufanya. Pizza ikikabidhiwa, saa ikaanza kuhesabu na ule muziki wa Kitaliano ukaanza kuzunguka, kila mtu anajua kuchelewa ni nini. Kazi hizi ndogo zimechekwa sana, mimi nazitetea. Zote ni visingizio vya kubembea.

Nisiipambe kupita kiasi. Sura za watu zimekakamaa, wahalifu wa mitaani wanarudia yale yale, na hadithi ya filamu imechomekewa maadui Rhino na Shocker ili irefuke. Pambano la Mysterio dukani ndilo la kuokoa: mita yake ya uhai inajaa mara tatu kwa mbwembwe, halafu anadondoka kwa ngumi moja. Huo ni utani ambao filamu isingeuweza, kwa kuwa unahitaji mtu aliyejiandaa kuteseka.

Gemu ya Spider-Man ya Insomniac ya 2018 nayo inanasa nyuzi kwenye majengo, tena kwa picha ambazo PS2 haiwezi hata kuziota. Ila inakubeba. Ni vigumu kuikosea, kwa hiyo kuipatia hakukupi sifa kubwa mbele ya benchi. Ile ya zamani haijatolewa upya, na haki za Activision juu ya Spider-Man zilishakwisha. Filamu iliyoizaa inapatikana popote. Yenyewe imebaki kwenye diski zilizochakaa na nakala za kuchoma.

Ukiitafuta, kaa mbali na ya kompyuta. Jina ni lile lile, lakini ilitengenezwa na watu wengine, The Fizz Factor, na humo uzi unanasa pale tu palipowekewa alama. Chukua ya PS2. Na kibandani, kabla hujatoa mia mbili yako, bonyeza kwanza R2 ya pedi unayopewa, maana kwa gemu hii ndiyo huanza kufa.