Asidi ya umqombothi na chungu cha chuma

Umqombothi, pombe ya nyumbani ya Afrika Kusini, huanza kuchachuka kabla ya kupikwa, na jambo hilo moja ndilo linaloamua chombo kipi kinafaa. Mpishi huchanganya unga wa mahindi na kimea cha mtama katika maji ya vuguvugu, kisha huulaza mchanganyiko mpaka utoe povu na harufu ya ukali. Kesho yake huupika ukawa uji, huupoza, huuongezea kimea, huufunika uchachuke tena, na mwisho huchuja. Kinachopanda jikoni, kwa hiyo, ni asidi. Chungu cha chuma cha miguu mitatu huvumilia moto na vishindo, lakini asidi humega chuma chake kidogo kidogo na kukiyeyushia ndani ya pombe. Ndiyo maana naona kosa kukipima chombo cha pombe kwa ugumu wake. Tupime kinapoteza nini kila kikipikiwa, na kilichopotea kinaenda wapi.

Huko Johannesburg jibu la swali hilo lilionekana kwenye maini ya wanywaji. Mwaka 1929 mwanapatholojia A. S. Strachan alieleza wingi wa madini ya chuma aliouona katika miili ya Waafrika waliochunguzwa mjini humo. Baadaye Thomas Bothwell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliufuatilia wingi huo hadi kwenye pombe ya nyumbani. Lita moja ya pombe iliyotengenezwa kwenye vyombo vya chuma ilikuwa na takribani miligramu 40 hadi 80 za chuma, tena katika hali ambayo utumbo huifyonza kwa urahisi. Bia ya kiwandani haikufikisha hata miligramu moja. Mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, wala hauna njia ya kutoa ziada. Mnywaji wa kila siku hulimbikiza madini hayo kwa miaka, na ini likishalemewa huanza kusinyaa.

Wapo watakaosema kuwa chuma ni dawa ya upungufu wa damu. Ni kweli kwa kiasi, ila chungu hakina kipimo: hakijui nani ana upungufu na nani amezidisha. Pingamizi zito zaidi ni la urithi wa damu. Mwaka 1992 Victor Gordeuk na wenzake walionyesha kwamba huenda kuna jeni inayowafanya baadhi ya watu walimbikize chuma kuliko wengine. Nalikubali hilo, na kwangu ni sababu ya kuongeza tahadhari, maana hakuna mpishi anayeweza kuwatambua watu hao kwa kuwatazama.

Wala lawama haiwaangukii wanawake waliopika. Mtafiti Ellen Hellmann, aliyechunguza maisha ya Rooiyard, makazi duni ya Doornfontein, Johannesburg, miaka ya 1933 na 1934, aliwakuta wakiificha pombe katika mashimo uani, kwa kuwa sheria iliwakataza kuipika. Chombo chao kilipaswa kufukika ardhini na kuwa rahisi kupata kingine polisi wakikimwaga. Debe la mafuta ya taa lilitosha kabisa, ingawa bati lake likikwaruzika asidi hukifikia chuma kilicho chini. Chini ya msako, nani angeweka akiba ya kununua chombo cha miaka ishirini?

Mpishi wa leo ana nafasi ya kuchagua. Pipa la mabati lililopakwa zinki liachwe kabisa, kwani asidi huiyeyusha zinki, nayo ni sumu ikizidi. Enameli ni salama mpaka siku inapobanduka. Chungu cha udongo hakitoi chuma, lakini hupasuka, na heshima yake kubwa iko kwenye kunywea. Plastiki ya chakula ni nzuri kwa kuchachushia mradi haijawahi kubeba kemikali na haisuguliwi kwa waya, kwa sababu vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo. Chuma cha pua hujifunika utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu unaojirudishia wenyewe ukikwanguka, na kwa hilo hakuna kinachokishinda motoni. Bei yake ni kubwa, hilo silipingi. Fedha ikitosha chombo kimoja tu, kiwe sufuria ya chuma cha pua yenye kitako kinene, maana uji huungua upesi. Kuchachusha kutafanyika kwenye ndoo ya plastiki ya chakula. Chungu cha miguu mitatu alichoacha bibi kibaki cha nyama.