Uzito, Tungamo na Tabia ya Vitu: Uhakiki wa Istilahi

Neno "uzito" ni la zamani katika Kiswahili. Twasema uzito wa gunia, uzito wa jambo, hata uzito wa ulimi. Lakini katika elimu ya fizikia neno hili limebebeshwa mizigo mitatu isiyofanana, na yafaa kuipambanua.

Tuchukue mfano wa Songea, mji upitiwao na mahindi mengi ya Ruvuma. Gunia la kilo 100 likitundikwa kwenye mizani ya springi, springi hunyooka kwa kuwa dunia yalivuta gunia kwa kani ya nyutoni 980 hivi. Kani hiyo ndiyo uzito. Gunia lilo hilo likipelekwa mwezini, litavutwa kwa sehemu moja ya sita tu. Lakini mahindi yake hayatapungua hata punje. Hicho kisichopungua ndicho wataalamu wetu walichokiita "tungamo". Jina ni jema, kwani lafungamana na kitenzi "kutungama", nalo laashiria maada iliyokusanyika pamoja.

Hata hivyo, tungamo hutujulisha kiasi cha maada, wala halitufunulii tabia yake. Lori lililosheheni magunia likizimika mahali tambarare, ardhi imekwisha kuuchukua uzito wake wote. Wasukumao hawaliinui hata kidogo. Mbona basi hutokwa jasho? Msuguano una sehemu yake, lakini hata ungeondolewa, lori lingekawia kushika mwendo kuliko lori tupu lisukumwalo kwa kani ileile. Na likiisha kwenda, kulisimamisha nako ni kazi. Dereva akikaza breki ghafula, abiria huangukia mbele: gari limezuiwa, wao wangali wanaendelea.

Tabia hii, yaani inersia, yahitaji jina. Atakayechagua "ulegevu" au "ubwete" atakuwa ameeleza nusu tu, kwani lori literemkalo mlima bila kushikika halina ulegevu wowote. Yaweza kujibiwa kwamba Kilatini nacho kilianza hivyo: kwa asili "inertia" ni uvivu, na Newton alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha 1687. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Msomaji wa leo wa Kiingereza hausikii tena uvivu katika neno hilo la kigeni. Mswahili ausikia ulegevu kila siku nyumbani kwake.

Sisi twapendekeza "udumifu wa hali", kwa maana kitu kilichotulia hudumu katika utulivu, na kiendacho hudumu katika mwendo wake ulionyooka, mpaka kani itokayo nje ikibadilishe. Tungamo basi litafasiriwa kuwa kipimo cha udumifu huo. Mwanafunzi wa Songea asomaye sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha fizikia kwa Kiingereza katika sekondari, atavuka akiwa na maana mkononi. Jina geni halitampotosha.