Daraja na Jina Lake

Msomaji, katika kila jengo la kale yafaa kupima mambo matatu: jinsi lilivyojengwa, kazi liliyoifanya, na jina lililopewa. Watu wengi huanza na jina, na aghalabu huishia hapo. Nami nasema kwamba jina ndilo shahidi dhaifu kuliko wote.

Chukua mfano wa Moi's Bridge, mji ulio kaskazini magharibi ya Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Zamani za ukoloni uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la A. C. Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru ukapewa jina la Daniel arap Moi, ambaye alikuwa Rais wa Kenya tangu 1978 hata 2002. Kubadili jina kulikuwa haki, kwani nchi huru haina budi kujiita yenyewe. Lakini haki hiyo ni nusu. Majina yote mawili ni ya wakubwa, wala hakuna hata moja litwambialo ni mikono ya nani iliyobeba miti na mawe, na kwa ujira gani. Reli ya kwenda Kitale, iliyopita hapo katika miaka ya 1920, nayo ina kimya hicho hicho.

Sasa linganisha na mashimo ya Wasirikwa, yaliyotapakaa katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, Uasin Gishu ikiwamo. Hayana kibao wala jina la mkubwa. Ni mashimo mapana ya mviringo, yamechimbwa katika miteremko, na mengine yamezungushiwa mawe. Waandishi wa kwanza walidhani kuwa watu walilala humo. Lakini J. E. G. Sutton, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyafanyia uchunguzi katika miaka ya 1960, akaonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Lango lilielekea bondeni, nyumba ilijengwa ubavuni, na samadi iliyotolewa nje ikawa kilima mbele ya lango. Hivyo shimo lisilo na maandishi lilieleza habari za wafugaji walioishi huko karne kadhaa kabla ya Makaburu kufika mwaka 1908.

Kwa hiyo, nikiulizwa, nitasema shimo ni kumbukumbu bora kuliko daraja, maana lawahifadhi waliofanya kazi. Tena ndilo lililo hatarini zaidi: daraja hutengenezwa likiharibika, bali shimo hufukiwa kwa plau ili mahindi yapandwe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uonapo kitu cha kale karibu na shule yako, usikimbilie kuuliza kinaitwaje. Uliza kwanza kilifanya kazi gani, na nani walioifanya.