Dola, Jimbo na Hati za Profesa Webb: Uhakiki wa Istilahi za Uhifadhi

Katika kazi ya istilahi yako maneno ambayo hayagombaniwi na mtu, kwa sababu kila mmoja anadhani anayajua. Aghalabu maneno hayo ndiyo yenye hatari kuliko maneno mageni. Mfasiri akikutana na neno geni husimama, huuliza, hupekua kamusi. Akikutana na neno alilolizoea hupita moja kwa moja, na kosa hupita naye. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno matatu ya namna hiyo, yaani dola, nyaraka na kumbukumbu, kama yalivyotumika katika rasimu moja ya tafsiri iliyofika mezani petu.

Rasimu hiyo ilieleza maisha ya kazi ya Walter Prescott Webb, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, pamoja na makaratasi aliyoyaacha. Ndani yake Webb aliitwa “mwanahistoria wa dola ambaye nyaraka zake zimo katika kumbukumbu”. Mfasiri hatumtaji, maana kosa si lake peke yake: sisi wenyewe tuliisoma rasimu hiyo mara ya kwanza tukaipitisha bila neno. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyeisoma baadaye ndiye aliyetuuliza: “Je, bwana huyu alikuwa msemaji wa serikali?” Swali hilo lilitufanya turudi nyuma.

Webb alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1888 huko Texas, akakulia katika umaskini wa mashamba makavu ya magharibi mwa jimbo hilo. Mwaka 1904, akiwa kijana, aliandika barua kwa gazeti moja akieleza hamu yake ya kuwa mwandishi. Barua hiyo ilisomwa na mfanyabiashara wa New York aitwaye William E. Hinds, ambaye alimwandikia, akampelekea vitabu na magazeti, na baadaye akamkopesha fedha za masomo. Hinds alifariki mwaka 1912, na watu hao wawili hawakuonana hata siku moja. Webb alianza kufundisha chuoni mwaka 1918. Mwaka 1931 alitoa kitabu cha The Great Plains, kilichoeleza jinsi walowezi walivyoshindwa kuishi katika nyanda zile zisizo na miti wala maji mpaka walipopata bastola ya risasi sita, waya wa miba na kinu cha upepo cha kuvutia maji. Mwaka 1935 alitoa The Texas Rangers, na mwaka 1952 The Great Frontier. Mwaka 1958 alikuwa rais wa chama cha wanahistoria wa Marekani. Alifariki mwaka 1963 katika ajali ya gari.

Dola na jimbo

Kiingereza kina neno moja kwa nchi yenye mamlaka kamili, kwa vyombo vinavyoitawala, na kwa kila sehemu kati ya sehemu 50 zinazounda Marekani. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo, na hiyo ni neema, wala si upungufu. Dola kwetu ni mamlaka ya juu: lina jeshi, mahakama na mipaka. Kumwita mtu mwanahistoria wa dola ni kumweka katika safu ya vyombo hivyo. Hali inakuwa mbaya zaidi tunapofika kwenye chama cha historia cha Texas, kilichoundwa mwaka 1897, ambacho Webb alikiongoza kuanzia mwaka 1939 hadi 1946 na ambacho chini yake ilianzishwa kazi ya kamusi kubwa ya mambo ya Texas, iliyotoka mwaka 1952. Rasimu ilikiita “Chama cha Historia cha Dola”. Msomaji wa kwetu akisikia chama na dola pamoja hatafikiria wapenzi wa historia waliojiunga kwa hiari yao. Atafikiria chama cha siasa kilichoungana na serikali.

Neno lifaalo ni jimbo. Wako watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Jimbo limekwisha kubeba mizigo mingi: ni eneo la uchaguzi wa mbunge, ni eneo la askofu, na katika Tanganyika ya ukoloni lilikuwa eneo la utawala ambalo nafasi yake ilikuja kushikwa na mkoa. Tunajibu kwamba maana hizo zote zina kiini kimoja, yaani sehemu ya kitu kikubwa zaidi, na kiini hicho ndicho kinachotakiwa hapa.

Hata hivyo historia ya Texas yenyewe inatuonya tusibadilishe maneno kama mashine. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1845 ilikuwa jamhuri iliyojitawala. Ndipo ikajiunga na Marekani. Kwa hiyo mfasiri atasema dola anapoeleza miaka ile tisa, na jimbo anapoeleza miaka iliyofuata. Neno moja la Kiingereza litakuwa mawili katika ukurasa mmoja, na msomaji wa Kiswahili atakuwa ameelewa vizuri zaidi kuliko yule wa asili.

Nyaraka, kumbukumbu na hati

Waraka ni neno la kale. Pwani lilikuwa barua tu, na wasomaji wa Biblia wanazijua nyaraka za Mtume Paulo. Lakini ofisini waraka ni agizo litokalo juu likaenda chini: waraka wa elimu, waraka wa utumishi. Aidha, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, nchini Tanzania, imezipa istilahi hizi mbili kazi maalumu: kumbukumbu ni zile zinazotokana na shughuli za ofisi, na nyaraka ni zile zilizochaguliwa kuhifadhiwa daima. Mgawanyo huo ni mzuri, nasi hatukusudii kuuvunja. Tatizo ni kuuhamishia mahali usipohusika. Barua za Hinds kwa kijana wa shamba hazikupita masijala yoyote, hazina namba ya jalada, wala hazikuandikwa na mtumishi wa umma. Kuziita nyaraka ni kuzivika sare.

Kumbukumbu nalo lina utata wake. Ni jambo lililomo akilini, ni maandishi ya mkutano, ni siku ya kumkumbuka marehemu. Msomaji akiambiwa kwamba barua “zimo katika kumbukumbu” aweza kudhani kwamba zinakumbukwa tu, kumbe ni makaratasi yanayoshikika mkononi, yaliyomo katika Kituo cha Dolph Briscoe cha Historia ya Marekani, mjini Austin.

Kwa nini jambo hili lina uzito?

Kitabu cha Webb juu ya Rangers, askari wapanda farasi wa Texas, kiliwasifu askari hao na kuwachora vibaya Wameksiko wa mpakani. Mwaka 1958 Américo Paredes, mwenyeji wa mpaka huo, ambaye naye alifundisha katika chuo hicho hicho, alitoa kitabu kilichotumia nyimbo na masimulizi ya watu wake kuupinga vikali mtazamo wa Webb. Sasa, kama Webb alikuwa mwanahistoria wa dola, maelezo ni mepesi: aliagizwa, akaandika. Lakini hilo si kweli. Alilipwa mshahara na chuo cha umma, naam. Upendeleo wake hata hivyo ulitokana na malezi yake, na vyanzo alivyovichagua, na watu aliowasikiliza na wale ambao hakuwasikiliza. Kosa la kuagizwa ni la mwagizaji. Kosa la kuchagua ni la mwandishi mwenyewe, na kila mwanahistoria aweza kulitenda. Mahali pa kulichunguza ni katika hati zake binafsi. Tukimpa jina lisilo lake tunamwondolea lawama inayomhusu, na tunamnyima msomaji wa Kiswahili somo lenyewe.

Upande wa pili ni vivyo hivyo. Mwaka 1961 Webb alichapisha makala katika gazeti la Harper’s akisimulia habari za Hinds na jinsi alivyomtafuta mfadhili aliyekwisha kufa kitambo. Simulizi hiyo iliwezekana kwa sababu barua zilitunzwa na mtu binafsi, kwa mapenzi, pasipo sheria wala amri.

Mapendekezo

Tunapendekeza hati za binafsi kwa makaratasi ya mtu, yawe barua, shajara, miswada au stakabadhi. Tunajua kwamba hati huitwa pia cheti cha ardhi na cha kusafiria. Lakini ikifuatwa na neno binafsi utata huo huondoka. Jumla yake iitwe mkusanyo, jina ambalo tayari linatufaa tunapotaja Mkusanyo wa Cory katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha ya kumwongoza mtafiti iitwe mwongozo wa hati. Kanuni ya kutochanganya makaratasi ya mtu mmoja na ya mwingine iitwe kanuni ya asili ya hati. Nyaraka na kumbukumbu zibaki kwa mambo ya umma, kama sheria ilivyokwisha kuweka.

Kwa mapendekezo hayo sentensi iliyotukwaza itasomeka hivi: “Webb alikuwa profesa wa historia ya jimbo la Texas, na hati zake za binafsi zimehifadhiwa Austin.” Haina madoido. Lakini mwalimu yule hatauliza tena swali lake la kwanza. Atauliza la pili, lililo bora: hati hizo zinasema nini?

Wafasiri, walimu na watumishi wa masijala wenye maneno bora kuliko haya wanaombwa wayalete, tuyapime pamoja.